Naomba ushauri: diski ngumu (hard disk) ya nje inagonga, ndani mna rekodi za Maulidi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Diski ngumu yangu ya nje ya TB 1 inanisumbua tangu umeme ukatike ghafla nikinakili faili. Nikiichomeka taa inawaka, inazunguka kidogo, kisha inagonga tik, tik, tik na kunyamaza. Mara chache inaonekana, lakini Windows inataka niifomati, na kwenye Disk Management (programu ya Windows ya kusimamia diski) imeandikwa RAW, yaani Windows haitambui mpangilio wa faili zake. Sifomati ng'o! Ndani mna qasida na matwari ya Maulidi pale Msikiti wa Riyadha, na sauti za wazee ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki.

Nimebadilisha waya, nikahamia tundu la USB 3.0 linalotoa umeme wa hadi miliampea 900, maana la 2.0 hutoa 500 tu. Hali ni ileile. Fundi mmoja anashauri chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Mimi naogopa, kwa sababu kugonga huku huenda ni dalili kwamba kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila kuiwasha kunaweza kuzidi kukwaruza sahani za ndani zinazohifadhi data.

Je, nifungue kasha niiunganishe kwa SATA, yaani moja kwa moja ndani ya kompyuta bila USB, au niiache imezimwa hadi nipate mtaalamu wa kuokoa data Mombasa? Aliyepitia haya anieleze, hasa gharama yake.