Taa za tela: niunge kwenye waya za gari, nifunge kisanduku cha rilei, au zile za sumaku?

Mgeni_wa_Tela
Wakuu habari za jioni. Nimepata tela, nataka lianze kazi kabla ya kaskazi. Taa zipo ila waya zinaning'inia, soketi hakuna. Fundi wa kwanza anasema anachuna waya za taa za nyuma za gari, anaunga, nusu saa kazi imekwisha. Wa pili anataka kufunga kisanduku cha rilei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, kinachovuta moto wake kwenye betri, na bei yake ni mara tatu. Shemeji naye ananishauri niagize zile taa za sumaku zisizo na waya. Ipi itadumu? Safari ni Tanga–Pangani, mara mbili kwa wiki.

Fundi_Ngamiani
Gari gani? Tela la nini? Taa zake ni globu au LED? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kobe_wa_Muheza
Unga moja kwa moja. Hilux yangu niliunga mwenyewe, inavuta tela la machungwa mwaka wa sita huu. Hizo rilei ni kuuziana vitu tu.

Mgeni_wa_Tela
Samahani wakuu. Gari ni Prado ya 2012. Taa ni globu za kawaida. Tela ni la boti, futi 18.

Fundi_Ngamiani
Boti! Sasa hilo ndilo ungeanza nalo. Tela lako linaingia baharini, hesabu inabadilika.

Globu ya breki ni wati 21. Mbili ni 42, yaani ampea 3.5 kwenye volti 12, juu ya mzigo ambao waya wa gari tayari unabeba. Siyo nyingi, hapo Kobe hajakosea sana. Shida ni siku tela litakapopiga shoti, na kwa maji ya chumvi hiyo siku ipo. Ukiwa umeunga moja kwa moja, fyuzi inayokatika ni ya gari. Kwenye rilei, waya wa gari unatoa ishara tu, mzigo unapita kwenye waya wa betri wenye fyuzi yake. Tela likizimika, gari linabaki na taa.

Kobe_wa_Muheza
Mbona yangu haijawahi kuzimika?

Fundi_Ngamiani
Machungwa hayaogi baharini.

Mama_Mashua
Mdogo wangu, ngoja nikusimulie yaliyonikuta. Nilikuwa navuta boti kutoka Dar, nikachelewa kutoka, giza likanikuta Segera. Taa nilikuwa nimefungiwa na fundi mmoja kwa vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, hakuivutia waya wake, aliiacha ipite kwenye chuma, pale kikombe cha tela kinapokalia gololi ya kuvutia nyuma ya gari. Dalili nilizionyeshwa mapema: nikiwasha indiketa ya kushoto, kijana wangu aliyesimama nyuma ananiambia "Mama, na za breki zinapepesa." Nikapuuza.

Karibu na Hale, dashibodi ikawa giza. Taa ndogo zote za nyuma zimekufa, za gari na za tela. Lori la nyuma yangu likapiga honi ndefu, nikajitupa pembeni kwenye majani. Tukakaa pale tukimulika kwa simu, tunabadilisha fyuzi, inakatika, tunabadilisha, inakatika. Mwisho tukaona: waya ulipita kwenye tundu la chesisi bila raba, ukasuguliwa hadi shaba ikagusa chuma. Tulichomoa plagi ya tela, gari likapata taa, tukatembea hadi Muheza kijana amekaa ndani ya boti na tochi.

Asubuhi nilipochuna waya kwenye vile vibanio, shaba ilikuwa unga wa kijani. Nikakata zaidi, bado kijani. Shubiri nzima ndani ya mpira! Chumvi ilipanda kama maji kwenye utambi. Tangu hapo nanunua waya wa boti, ule ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, na kila muungo unachomelewa kwa risasi kisha unavishwa mpira unaosinyaa kwa moto. Na ethi ina waya wake hadi kwenye kila taa.

Mgeni_wa_Tela
Pole sana mama, na shikamoo. Je zile za sumaku?

Mama_Mashua
Marahaba. Siku moja ukiazima tela la jirani, sawa. Kila safari uchaji, na barabara ikiwa na mashimo uwe unageuka kuangalia kama bado zipo.

Pini_Saba
Soketi weka ya pini 7 ya duara: 1 indiketa ya kushoto, 2 taa ya ukungu, 3 ethi, 4 indiketa ya kulia, 5 taa ndogo ya kulia, 6 breki, 7 taa ndogo ya kushoto. Rangi ni njano, bluu, nyeupe, kijani, kahawia, nyekundu, nyeusi.

Kobe_wa_Muheza
Rangi zote dunia nzima ni hizo hizo.

Pini_Saba
Siyo kweli mkuu. Tela la Marekani lenye plagi bapa ya pini 4 linatumia waya mmoja kwa breki na indiketa ya upande huo. Ukifuata rangi kwa kukariri, kahawia kwao ni taa ndogo zote mbili. Pima kwa testa, usiamini rangi.

Kobe_wa_Muheza
Tela limetoka Marekani?

Mgeni_wa_Tela
Sijui. Nimelinunua Sahare, lina kutu.

Fundi_Ngamiani
Yote hayo sawa, ila lolote utakalofunga, chomoa plagi kabla ya kurudisha tela majini, na usubiri kidogo. Globu iliyotoka kuwaka ni ya moto. Ikizama ghafla, hewa ya ndani ya taa inasinyaa na inanyonya maji ya chumvi. Bora ubadilishe ziwe LED zilizozibwa.

Mgeni_wa_Tela
Fundi wa pili hapokei simu tangu juzi. Wa kwanza yuko hapa mlangoni na koleo mkononi.

Mama_Mashua
Mwambie akae, umpe chai.

Kobe_wa_Muheza
Hiyo boti ina mashine gani?

Mgeni_wa_Tela
Yamaha 40, mbili-stroku.

Kobe_wa_Muheza
Hapo sasa ndipo tuongee. Oili unachanganya kiasi gani kwenye petroli?