Tuliosoma chuo kikuu tukitokea mwisho wa reli, tupeane uzoefu

Mwakeye wakuu. Tangu MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kule Dar, waanze kujengewa kampasi hapa Kigoma kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, vijiwe vya Mwanga, hapa hapa mjini, havina habari nyingine. "Muhimbili inatufuata!" Sawa, lakini sisi tumeifuata miaka mingapi? Shule ile ya udaktari ilianza 1963, mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, ndipo 2007 ikasimama yenyewe. Muda wote huo mtoto wa Kigoma anapanda treni, zaidi ya kilomita 1,200.

Naanza mimi. Niliripoti enzi za jina la MUCHS, kilipokuwa bado chuo kishiriki. Mama alinifungia dagaa na kidumu cha mawese, nikakiweka begi moja na vyeti (ujana!). Kufika Tabora kifuniko kimelegea. Nilisajiliwa na cheti cha kidato cha sita chenye doa jekundu, na yule karani wala hakuuliza natoka mkoa gani. Doa lipo hadi leo. Karibuni.

MwalimuKasulu: Mie sikupanda treni. Nilikuwa nafundisha, nina mapacha wananyonya, niende Dar nimwachie nani? Nikajiunga na Chuo Kikuu Huria. Serikali ilikianzisha kwa sheria ya 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, na kina vituo mikoani, Kigoma tukiwemo. Nilisoma usiku kwa kibatari, mtihani nikafanyia Kigoma mjini. Msidhani ni mteremko. Huna mwenzako wa kumuuliza, umeme hakuna, na mkuu wangu wa shule wa wakati huo kila nikiomba ruhusa ya mtihani ananiambia "hicho nacho ni chuo?" Nilimaliza mwaka wa saba.

Mgebuka: Hongera dada. Mimi nina wasiwasi na hiyo kampasi. Majengo yanajengeka, ila udaktari unasomewa kitandani kwa mgonjwa. Maweni ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, wodi zake mnazijua. Walimu bingwa nao watakubali kuhamia huku?

BabaUjiji: Watakuja tu, samaki wetu migebuka wapo. Mimi nilichaguliwa, nauli ikakosekana, nikabaki kuvua. Binti yangu yuko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nauli ya daladala naimudu.