Ioni mbili za fedha (silver) zimekaribiana mno: ni bondi au zimebanwa tu?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina fuwele za kaboksileti ya fedha (chumvi ya fedha na asidi ya kikaboni), nimezikuza gizani maana mwanga huzitia weusi. Eksirei inaonyesha ioni mbili za fedha zimeshikwa na kaboksileti mbili, zikafanya pete ya atomu nane. Umbali wa fedha kwa oksijeni ni kama angstromu 2.2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), hapo sina swali. Kinachonisumbua ni fedha kwa fedha: 2.90, karibu sawa kabisa na 2.89 ya metali yenyewe! Zote zina chaji chanya, zilitakiwa zikimbiane. Je, zinavutana kweli, au kaboksileti ndizo zimezibana? Nafikiria kujaribu ligandi (molekuli au ioni inayoshikamana na metali) isiyounganisha fedha mbili, nione kama bado zitasogeleana. Kuna kipimo bora zaidi ya hicho?