Mwisho wa Inception: DJ alituambia Cobb kabaki ndotoni, ni kweli?

Kijana wa Mabatini
Wakuu habari za jioni, naombeni tusaidiane hili limeninyima raha wiki nzima. Inception, ile filamu ya Cobb, jamaa anayeingia ndoto za watu kuiba siri, niliicheki mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, banda la video hapa Mabatini, benchi za mbao, TV ya kichogo, na ilikuwa imetafsiriwa na DJ. Sasa DJ alivyoisimulia, yule Mal mke wa Cobb ni jini anamfuata mumewe kila ndoto kumharibia kazi, na pale mwisho ile pia (kile kidude cha kuzungusha, kikizunguka bila kuanguka ni ndoto, kikianguka uko macho) inazunguka mezani DJ akapaza sauti "huyu hatoki tena, kazama mazima!" tukainuka tukaenda zetu. Nimeishi na jibu hilo miaka yote. Juzi nimeipata yenyewe, sauti halisi na maandishi chini, nikaiangalia usiku kumetulia saa mbili na dakika 28 zote. Kumbe kabla picha haijakatika ile pia inayumba. Inayumba kweli, nimerudisha nyuma kama mara nane. Sasa Mal alikuwa anataka nini hasa, na Cobb kaamka au bado kalala?

Dada wa Nyegezi
Mdogo wangu DJ aliwadanganya kwenye kitu cha msingi kabisa. Yule sio jini, na wala sio Mal mwenyewe, Mal keshakufa kabla hadithi haijaanza. Anayetokea ndotoni ni hatia ya Cobb imevaa sura ya mkewe ndio maana anajua kila mpango wao, anajua kwa sababu Cobb anajua. Mal mwenyewe namuonea huruma sana. Walikwama kule chini kabisa kwenye ndoto wakazeeka pamoja, yeye akakubali kwamba kule ndio maisha, Cobb akaingia kwenye sefu yake ya siri akaizungusha ile pia ili imuingie kichwani kwamba dunia aliyopo sio ya kweli. Wakalala relini treni likawapitia wakaamka. Shida ni kwamba wazo halikubaki kule, alitoka nalo. Kwa hiyo pale hotelini anaporuka dirishani yeye anaamini anaamka anawafuata watoto wa kweli, na ile barua aliyompelekea mwanasheria kwamba mumewe anamtisha ilikuwa ya kumbana Cobb asiwe na sababu ya kubaki, aruke naye. Ni mapenzi yale, ila yamejengwa juu ya uongo ambao Cobb mwenyewe ndiye aliyeupanda.

Igogo Mlimani
Mimi nipo na DJ, jamaa hajaamka. Angalieni pale Mombasa (ambayo kwanza sio Mombasa, walipiga Tangier kule Morocco, mtu wa pwani anaona kabisa majengo sio). Cobb anakimbizwa na watu wasiojulikana, uchochoro unazidi kubana mpaka anapita kwa ubavu, halafu akitokeza tu Saito, yule tajiri aliyempa kazi, huyu hapa na gari. Mambo ya ndoto hayo. Na Mal kuna sehemu anamuuliza hivyo hivyo, kwamba wewe unakimbizwa dunia nzima na makampuni, una uhakika gani uko macho? Hana jibu.

Dada wa Nyegezi
Kaka Igogo, angalia kidole. Akiwa ndotoni anavaa pete ya ndoa, akiwa macho hana. Pale mwisho uwanja wa ndege anapompa pasipoti mtu wa uhamiaji mkono hauna pete. Ile pia haiwezi kutuamulia maana ilikuwa ya Mal toka mwanzo, na wao wenyewe wamesema kifaa chako asikishike mwingine. Michael Caine, yule mzee anayempokea, alieleza 2018 kwamba Nolan, muongozaji wa filamu, alimwambia sehemu yoyote aliyomo yeye ni kweli, na mwisho ule yumo.

Baba wa Visiwani
Nasoma kimya ila hapa niseme. Mimi navua dagaa, kambi ziko visiwani huko Ukerewe, tunaingia ziwani giza, mbalamwezi wengine wanarudi nyumbani mimi mwaka ule sikurudi, nilikuwa na deni la injini. Miezi tisa. Binti yangu nilikuwa naye kwenye simu, picha moja, kavaa gauni la njano kakaa kizingitini. Nikiwaza nyumbani namuona vile vile tu, gauni lile, kakaa pale pale. Siku nashuka Kirumba nikabisha hodi akafungua mtoto mrefu jino la mbele limeng'oka, nikabaki nimesimama na begi mkononi sisemi kitu. Sasa watoto wa Cobb ndotoni hawageuki hata mara moja, kwa sababu siku aliyokimbia nchi, akishukiwa kumuua mkewe, walimpa mgongo, hana sura nyingine aliyoibeba. Mwisho wanageuka. Na ukisoma majina ya waigizaji, Phillipa, binti wa Cobb, yuko wa miaka 3 na wa miaka 5, wamekua wale. Ile pia aliizungusha akaiacha inazunguka hakuingoja, na mimi ningeiacha.

Kijana wa Mabatini
Shikamoo mzee wangu, umenigusa. Nimekuta pia Nolan aliwaambia wahitimu wa Princeton 2015 kitu kama chako, kwamba Cobb yuko na wanae, mambo ya pia hayamhusu tena. Dada asante kwa Mal, leo usiku narudia sehemu ya hotelini peke yake nimsikilize yeye bila DJ kichwani.

Igogo Mlimani
Nimerudia uwanja wa ndege, pete kweli haipo, hilo nakubali. Ila Saito na lile gari bado hamjanijibu.