Mtoto anaonewa shuleni: uhamisho, shule binafsi, bweni au asome nyumbani?

Kisiki_Mbagala
Habari za saa hizi wakuu. Naomba mawazo ya wazazi wenzangu, hasa mlioko Temeke na Ilala.

Nina kijana wa darasa la tano, shule ya serikali, ana kigugumizi. Madarasa ya chini hakukuwa na shida, walimu walimzoea na wenzake vilevile. Tangu waunganishe mikondo amepata wababe wapya. Wanamwigiza akiongea, wanamnyang'anya hela ya uji, na juzi daftari la Hisabati limerudi limenyofolewa katikati: limebaki jalada na zile pini, kurasa zote za mazoezi hazipo. Siku za shule tumbo linamuuma kila asubuhi. Jumamosi haliumi.

Nilienda kwa mwalimu wa darasa. Akawaita wale wavulana, akawachapa mbele ya darasa zima, mwanangu kasimamishwa pembeni kama shahidi. Kilichofuata mnaweza kukisia.

Baba yake anataka bweni, "akakomae". Mimi nawaza shule nyingine ya serikali, au shule binafsi ndogo iliyopo hapa jirani, au nimtoe kabisa asome nyumbani na mwalimu wa kulipwa mpaka atulie. Mliopitia huko naomba mnilinganishie kwa ukweli, si kunifariji tu.

Baba Pacha
Pole sana dada. Bweni lifute kwanza. Serikali yenyewe mwaka 2023 ilizuia bweni kwa darasa la kwanza hadi la nne. Wa kwako yuko la tano kwa hiyo anaruhusiwa, lakini mtoto anayeonewa mchana unampeleka akalale na watu wa kumwonea? Nimesoma bweni miaka yote ya sekondari. Taa zikishazimwa, patroni yuko kwake, mkubwa wa bweni ndiye sheria. Shule ya kutwa angalau kengele ya kwenda nyumbani ipo.

chumvi_ya_mawe
Baba Pacha, bweni si zote. Mdogo wangu ana ualbino, na kwetu Kanda ya Ziwa miaka ile ya mauaji ya wenye ualbino barabara ya kwenda shule ilikuwa hatari kuliko darasa lenyewe. Bweni ndilo lililotuwezesha kulala usingizi. Ila ilikuwa shule yenye watoto wengi kama yeye, matroni anajua nani apake mafuta ya jua na nani akae dawati la mbele kwa sababu ya macho. Bweni la "kukomaza" ni kitu kingine kabisa. Hapo naungana na wewe.

kombamwiko
Mfundisheni ngumi mbili tatu, mambo yanaisha. Sisi tumekulia Manzese, hakuna aliyetufungulia uzi.

Mama_wa_Yombo
@kombamwiko mtoto mmoja, wavulana wanne. Akipiga mmoja, halafu?

Dada Kisiki, mimi nilimhamishia wangu shule binafsi, naye alikuwa anaonewa, kwa unene. Uzuri wake: darasa ni dogo, mwalimu anajua majina, na ukipiga simu inapokelewa. Ubaya wake sikuambiwa wakati wa kulipa fomu. Huko wanachekana kwa mengine: viatu vya aina gani, unaletwa na gari gani, ada yenu imeisha au bado. Na mtoto mbabe akiwa na wadogo zake wawili palepale, mwenye shule anapiga hesabu ya ada tatu kabla hajamwita mzazi. Anakujibu kwa upole kabisa, "mama, watoto ni watoto". Kwangu kilichosaidia ni mwalimu mmoja wa kike wa darasa la sita, shule yenyewe haikufanya kitu. Kwa hiyo usiende kukagua majengo. Nenda saa ya mapumziko, simama getini, angalia kama kuna mwalimu uwanjani au wote wamejifungia ofisini wanakunywa chai.

Mwl_Mstaafu_Keko
Binti yangu, nimefundisha shule za msingi mpaka nimestaafu, niruhusu niseme kwa urefu.

Kwanza zile fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye, na iandikwe kitabuni. Hakuna mahali panaposema mlalamikaji asimamishwe atazame. Mwalimu yule alimkabidhi mwanao kwa wababe akidhani anamtetea. Usirudi kwake. Andika barua kwa mwalimu mkuu, taja tarehe na matukio, daftari lile lilete kama lilivyo, nakala mpelekee Afisa Elimu Kata. Malalamiko ya mdomo yanaishia mlangoni. Barua yenye muhuri wa kupokelewa lazima mtu aijibu.

Pili, kusoma nyumbani. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi wa mtoto wa umri huo amwandikishe shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Hilo la sheria. Kubwa zaidi ni mtihani: usajili wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapitia shuleni. Mwalimu wa kulipwa atamfundisha vizuri sana, halafu siku ya mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, akafanyie wapi?

Uhamisho wa serikali kwenda serikali ndio rahisi kwa mfuko. Tafuta kwanza nafasi huko unakotaka kwenda, upate kukubaliwa, ndipo uombe ruhusa unakotoka. Hakikisha namba yake ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi kwa NECTA, inahamishwa kwenye mfumo, si karatasi peke yake. Nimeona watoto wanafika darasa la saba majina yao bado yapo shule ya zamani. Na fanya mwaka huu wa la tano.

Kisiki_Mbagala
Shikamoo mwalimu, ahsante sana. Barua naandika leo hii.

DadaUstawi
Nafanya kazi ustawi wa jamii, sitaji wilaya. Dada, kabla hujachagua shule, umeshamuuliza anaonewa WAPI hasa? Si nani, ni wapi na saa ngapi. Wazazi wengi wanalinganisha shule na shule wakati tatizo lipo njiani. Muulize mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele au mnafua, usimketishe kama polisi.

Kisiki_Mbagala
Nimemuuliza jana jioni. Darasani ni kidogo, anazomewa akisimamishwa kusoma kwa sauti. Kubwa ni vyooni na kituo cha daladala wakati wa kurudi. Mnajua makonda hawataki wanafunzi kwa sababu ya nauli ya mia mbili, basi wanakaa kituoni muda mrefu wakisubiri gari la kuwahurumia. Hapo ndipo wanampekua begi. Wale wavulana wanashuka kituo kimoja na yeye.

DadaUstawi
Sasa unaona. Ukimpeleka shule nyingine kwa njia ileile, kituo kilekile, umebadilisha sare tu. Shule ya mbali kidogo ila ya upande wa pili inaweza kuwa bora kuliko shule nzuri ya njia moja. Au ile ya jirani anayofika kwa miguu, kama ada mnaiweza.

Ulizia pia kama shuleni kuna dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Lilianzishwa chini ya ule mpango wa taifa wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Shule nyingine lipo hai, nyingine ni bango ukutani. Akitishiwa au akiumizwa, 116 ni simu ya bure kwa ajili ya watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kunyang'anywa hela kila siku si utani wa watoto, msiogope kwenda.

Baba Pacha
Hiyo ya vyooni nayo ni ya kuibana shule. Zamu ya mwalimu karibu na vyoo wakati wa mapumziko haihitaji bajeti.

bando_limekata
Kwa faida ya wengine wanaosoma uzi huu, kusoma nje ya darasa la kawaida kupo, ila kunategemea umri.

Binti wa dada yangu aliacha kidato cha pili baada ya picha yake kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kurudi darasani hakutaka hata kusikia. Sasa yuko kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Alifanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, na anajiandaa na kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna wamama humo, kuna dereva wa bajaji, hakuna mwenye muda wa kumcheka mtu. Kwa wasichana walioacha sekondari kulikuwa pia na njia ya bure chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, ulizieni kama bado ipo.

Kwa msingi kuna MEMKWA, kuanzia miaka 11 hadi 18, lakini hiyo ni ya waliokosa shule, na mara nyingi darasa lake liko ndani ya uwanja wa shule ileile ya msingi. Kwa wa dada Kisiki haifai.

Wenye uwezo wapo wanaosomesha watoto mtandaoni kwa mtaala wa Cambridge. Inawezekana, ila jiandae na ada ya fedha za kigeni, umeme, bando, na mtu mzima wa kukaa naye kutwa. Na akitaka kuingia mfumo wetu baadaye, vyeti vinapitia NECTA kulinganishwa.

chumvi_ya_mawe
Halafu kigugumizi chenyewe mnakiacha? Muhimbili kuna wataalamu wa tiba ya usemi. Hakiponi kama malaria, lakini mtoto anafundishwa namna ya kuanza sentensi bila kukimbizana nayo. Na mwambie mwalimu wa shule yoyote atakayokwenda asimsimamishe kusoma peke yake ghafla, asome na mwenzake kwa pamoja. Wengi wenye kigugumizi wakisoma sauti mbili hakitoki.

kombamwiko
Hiyo ya sauti mbili kweli. Rafiki yangu kigugumizi, akiimba kwaya humjui.

Kisiki_Mbagala
Nimewasoma wote. Bweni nimelizima, baba yake kanuna ila amekubali baada ya kusoma ya Baba Pacha. Nyumbani pia hapana, sababu ya mtihani. Zimebaki mbili: serikali upande wa Kijichi, ambako shangazi yake anakaa na anaweza kumpokea mchana, au binafsi ya jirani kwa miguu ila ada itatubana hasa. Kesho saa ya mapumziko naenda kusimama geti la Kijichi kama alivyosema Mama wa Yombo.

Mwalimu, swali moja: kama shule ninayotoka inakataa kusaini uhamisho kwa kuogopa ile barua?

Mwl_Mstaafu_Keko
Marahaba binti yangu. Hawawezi kukataa bila sababu, na wakichelewesha unapanda kwa Afisa Elimu Kata, akishindwa unakwenda halmashauri, idara ya elimu msingi. Ila usiwapelekee vyote siku moja. Barua itangulie, subiri wakujibu, ndipo ulete ombi la uhamisho ukiwa na kibali cha Kijichi mkononi. Na kamwone mwenyekiti wa Kamati ya Shule, yule ni mzazi mwenzio, naye hupenda kuombwa.