Naunda Vespa kwenye ZBrush, bodi inatoka na mabonde mabonde. Msaada jamani

mchongaji_jangombe
Asalaam alaykum wadau. Mie niko Unguja, najifunza kuchonga 3D kwenye kompyuta mwenyewe tu usiku nikishafunga duka. Nataka niiunde Vespa, ile PX ya kawaida unayopishana nayo kila kichochoro hapa mjini, niitie kwenye kazi zangu za kuonesha watu. Nyuso na wanyama nachonga vizuri wallahi, watu wananisifu, lakini nikigusa gari au pikipiki tu naumbuka. Nimeanza na tufe la DynaMesh nikavuta vuta mpaka umbo likakaa, kwa mbali utasema Vespa hii hapa, ukisogea karibu bati lote mawimbi, yale mashavu ya nyuma yamevimba huku yamebonyea kule, na pale bati linapokunjwa ukingoni nikipitisha smuthi linayeyuka, nisipopitisha linabaki na meno meno. Rezolusheni nimeipandisha mpaka feni ya laptopu inalia nyumba nzima wananiuliza kuna nini, na mabonde yako palepale. Laptopu ni i5, RAM giga 8. Nianzie wapi? Na msinambie ninunue mashine mpya, pesa hamna.

Kichochoro_3D
Wa alaykum salaam yakhe. Mkono wako hauna tatizo, DynaMesh ndo siyo ya kazi hii. Ile inafunika umbo zima kwa viraba vya ukubwa mmoja, haijali wapi bati limekunjwa wapi limenyooka, sasa mkunjo ukipita mshazari juu ya viraba lazima utoke na meno. Na ukipandisha rezolusheni unaongeza nukta, kila nukta ni pahala pengine pa kuvimba. Bati linataka kinyume chake, poligoni (ndo vile viraba) chache zilizopangwa kufuata mkunjo, kulainisha iachie programu.

Hiyo uliyochonga usiifute lakini, ndo ramani yako. Dapliketi, moja ifiche. Ya pili igawe poligrupu, yaani makundi ya poligoni, shavu la kulia mbali, la kushoto mbali, bati la mbele, madigadi, kila kimoja rangi yake. Piga ZRemesher, ile inayopanga viraba upya, ukiwa umewasha Keep Groups ili makundi yabaki na idadi ya poligoni ishushe mpaka uone huruma. Hapo ndo uingie ZModeler, brashi ya kuhariri poligoni moja moja, weka kalamu juu ya eji (mstari unaounganisha nukta mbili), bonyeza spesi, menyu itatoka, unaongeza lupu (safu ya eji inayozunguka umbo), unafuta lupu, unakaza kingo kwa Crease. D inakuonesha itavyolainika, Shift+D inakurudisha. Nukta zisogeze ukiwa kwenye hali mbichi, D iwe ya kuchungulia tu, watu wengi wanakwama hapa, wanahariri huku wameiwasha hawajui ipi nukta ya kweli. Unene wa bati usiuchonge kwa mkono, tumia QMesh au Panel Loops.

bati_na_msasa
Vijana hamjambo. Mie kompyuta siijui, mwanangu ndo kanisomea hii mada nikamwambia aniandikie, ila bodi nimenyoosha miaka. Gerejini mtu hatazami bati, anatazama taa ndani ya bati. Gari ikishatiwa puti ikapigwa msasa unaimwagia maji ipate mng'ao, unasimama ubavuni unainama kidogo, unaangalia mstari wa taa ya tyubu unavyotembea juu ya bodi. Mstari ukienda sawa, bodi imenyooka. Ukijikunja tu pana bonde, na ukisimama mbele hulioni kabisa hata ukodoe macho vipi. Sasa kama hiyo programu inaweza kukuwekea taa ndefu, itazame hivyo kabla hujaambiwa na mteja.

Jengine, Vespa haina chesisi peke yake. Bati limepigwa preshi likachomelewa, bodi hilo hilo ndo chesisi. Ndo mana bati la mbele linashuka mpaka pa kuweka miguu likapanda tena chini ya siti, lote mwili mmoja. Ukilitengeneza vipande vipande halafu ukaunganisha, mtu anayezijua ataona. Ila yale mashavu ndo yanatoka, yaachie mwanya wake, mwembamba na sawa pande zote. Na kingo za bati mbichi hazipo pale, nenda kashike ukingo wa bati la mbele la Vespa yoyote iliyoegeshwa, utakuta umekunjwa, mnene, zengine zimevishwa na utepe. Muombe mwenyewe kwanza lakini, usije ukaitwa mwizi.

Kichochoro_3D
Shikamoo mzee, hiyo ya taa sisi tumelipia kozi kuambiwa. Mchongaji, ondoa ile materiali ya MatCap Red Wax inayokuja na ZBrush, inasamehe mno, mabonde yote inayameza. Weka materiali yenye mng'ao mkali halafu izungushe Vespa taratibu uone mwanga unavyokwenda.

WeteKwetu
Mnamtesa mtoto wa watu. Vespa ni kazi ya Blender, programu nyengine ya 3D. Ni bure, haina leseni ya kulipia, na ZBrush skuizi ni kulipia kila mwezi au kila mwaka, Maxon waliichukua kutoka kwa Pixologic walioitengeneza, na ile ya kununua mara moja hamna tena. Itoe hiyo sanamu yako kwa faili la OBJ, ila ipitishe Decimation Master ya kupunguza poligoni kwanza maana RAM giga 8 ukiingiza poligoni milioni kadhaa Blender italala. Ukifika huku washa sneping ya Face ili nukta zigande juu ya sanamu, chora poligoni juu yake moja moja, kubwa kubwa, weka Subdivision Surface ya kulainisha juu. Shavu zima la PX halitaki poligoni nyingi, usishangae likitoka safi kwa viraba ambavyo unaweza kuvihesabu kwa vidole na vya miguuni. Angalizo, Shrinkwrap, ile ya kubandika poligoni juu ya sanamu, ni tamu ila inafuata sanamu na mabonde yake yote, itumie kukalisha nukta za mwanzo kisha iondoe. Ule ukaguzi wa mzee nao upo, kwenye matikapi za Blender mna zile za mistari, zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo.

Kichochoro_3D
Bure ni kweli, sibishi. Ila mtu keshaizoea ZBrush, vidole vinajua vitufe, unamhamisha leo akaanze upya kutafuta kamera inazungushwaje? Nyuso zote anachonga huko. Mie nasema shavu moja alimalize kwa ZModeler, akishindwa ndo ahame.

WeteKwetu
Haya wewe baki nako ukalipe.

bi_PX150
Mnagombana na simetri hakuna aliyeitaja! Mimi naendesha PX kila siku naijua ndani nje. Injini iko kulia, shavu la kushoto ndani mna stepni, na tairi la mbele limeshikwa upande mmoja tu. Huyo Corradino D'Ascanio aliyeibuni alikuwa injinia wa ndege, tairi la upande mmoja wazo lake limetoka kwenye miguu ya ndege, mtu abadilishe tairi bila tabu. Hataza ya Piaggio ni ya Aprili 1946 na mpaka leo ukipata pancha Bububu unaona faida yake. Kwa hiyo ulinganifu uwashe kwa bati la mbele, pa miguu na siti, ukifika mashavu, injini na mguu wa mbele uzime.

Na picha usipige kwa karibu, simu ikiwa karibu tairi la mbele linakuwa kubwa kuliko la nyuma na wewe unachonga hivyo hivyo. Rudi nyuma mbali, vuta zumu, simu iwe usawa wa siti. Tairi limeandikwa 3.50-10, hiyo 10 ni inchi za rimu, yaani sentimita 25.4, na mbele na nyuma ni saizi moja. Pimia picha zako kwa hiyo.

mchongaji_jangombe
Jamani Allah awalipe. Nimefuata ya ZModeler kwanza, shavu la kushoto limetoka, mwanga unateleza mpaka nikamwita mdogo wangu aje aone. Ila pahala pamoja, kwenye kona ya mbele ya shavu, mwanga unabana, unajikunja unatengeneza nyota. Nukta zote nimezipanga upya bado.

WeteKwetu
Hesabu eji zinazokutana kwenye nukta hiyo. Ni tano siyo?

mchongaji_jangombe
Tano.

WeteKwetu
Basi. Nukta ya eji tano ni ngumu kuikwepa kwenye bodi la mviringo, ila huiweki pa kona wala pa kung'aa. Isukume kwa kuhamisha lupu mpaka pahala bati limelala, au bora zaidi chini ya siti ambako hamna jicho linafika. Na kona yenyewe isishikwe na lupu tatu zilizobanana, mbili zinatosha, zikiwa karibu sana mkunjo unakuwa mkali mno, bati halikunjwi hivyo.

mchongaji_jangombe
Poa, naihamishia chini ya siti. Na meno ya tairi nayachonga au?

bi_PX150
Usichonge hata moja. Kipande kimoja cha meno, ukikopi kwa safu iliyonyooka, ndo ukikunje duara mwishoni. Na ukimaliza shavu la kulia sevu kwa jina jipya, huku kwetu Amani umeme umeshakatika tangu magharibi.