KIJANA WA CHAI AMEAMBIWA AHSANTE, MIMI NIMEULIZWA NALETA NINI!

Waya_Mwekundu:

Wallahi leo nimevunjiwa heshima mchana kweupe na mpaka saa hii mikono yatetemeka. Yule bwana mkubwa wa ofisi yangu, mnamjua nyote, yule anayeweka funguo za gari mezani kama aweka bunduki. Mkutano wa bajeti, watu 14 ndani: mhasibu, dada wa HR, hata dereva aliyekuja kutiliwa sahihi karatasi ya mafuta. Mimi, mtu wa kompyuta, nimepeleka karatasi moja ya maombi. Moja! Betri mpya za UPS (kile kisanduku kinachoshika umeme ukikatika), diski ya pili ya bakapu, yaani nakala ya akiba, ikae nje ya jengo, na zile kompyuta 6 za forodha zitolewe Windows 10, maana Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

Hakuisoma. Ameweka gilasi ya chai juu yake, ikaacha duara la maji papo hapo kwenye neno bakapu, kisha akasema kwa sauti ya adhana:

"Hata kijana wa chai twaona anacholeta. Nyinyi watu wa kompyuta mwaleta nini?"

Watu wakacheka. Dereva akacheka! Dereva niliyemrudishia picha zote za harusi ya bintiye kutoka simu iliyozama kwenye maji ya chumvi!

Naleta nini? Kontena haitoki bandari ya Kilindini kwa dua. Hati za forodha zapita kwenye kompyuta zile zile 6, na ankara isiyotoka eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA, watoza kodi wa Kenya, haimfai mteja kwenye hesabu za kodi tangu Januari 2024, atakurudishia usoni. Siku za bure za kuweka kontena zikiisha nayo ingali ndani, mwenye meli ahesabu tozo kwa dola. Mimi naleta dola ambazo hazikutoka mfukoni, lakini kwa sababu hazikutoka hakuna anayeziona.

Nendeni mkaione ile UPS. Betri imevimba mpaka kifuniko kimeachana na mwili, ni kama hamri lililotiwa hamira mara mbili. Yalia pii, pii, tangu Ramadhani. Ofisi nzima wameshazoea, mmoja aliniuliza ni ndege gani yule. Umeme ukikatika yashika dakika 4, nami katika dakika 4 hizo nashuka ghorofa 3 kuwasha jenereta kabla seva haijazimika. Niliwahi kushuka na mkate mdomoni.

Sasa sikieni lililonimaliza. Saa nane simu yalia, bwana mkubwa: "Njoo mbio, kompyuta yangu imekufa." Haijafa! Amechomoa waya wa umeme achaji simu. Nimechomeka, ikawaka. Hakunitazama. Nafika mlangoni, kijana wa chai aingia na sinia, na kwa masikio yangu haya mawili nasikia: "Ahsante sana baba."

Ahsante sana. Baba. Kwa chai!

Bibi_Ledja:

Pole kakangu, ila mimi ni mhasibu na nitakwambia usichotaka kusikia. Hiyo karatasi yako uliandika nini? Nakujua, umeandika volti na gigabaiti. Mwenye mali hasomi volti. Andika: tukizimika saa 1 asubuhi mpaka adhuhuri, hati kadhaa hazipiti, kontena kadhaa zalala, shilingi kadhaa zimekwenda. Kisha weka bei ya betri pembeni. Hapo angesogeza gilasi mwenyewe.

Waya_Mwekundu:

Niliandika shilingi! Mstari wa tatu! Ndipo alipoweka gilasi!

Kuli_Mstaafu:

Vijana, mwenye shaka na bakapu aulize habari za Maersk, wale wa meli za kontena. Juni 2017 kile kirusi cha NotPetya kiliwapiga ulimwengu mzima, magari yakapanga foleni nje ya bandari na hakuna anayejua kontena ipi ni ya nani. Walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10, na hasara walitaja dola milioni 250 mpaka 300. Na nakala ya ule mfumo wao wa kutambua watumiaji waliikuta wapi? Ghana! Ofisi ya Ghana ilikuwa imekatikiwa umeme, basi mashine yao ikasalimika kwa kuwa ilikuwa imezimika.

Kasuku_wa_Frere:

Kumbe kukatika umeme ni bakapu! Waya_Mwekundu, betri zako wazitakia nini tena? Muache bwana mkubwa, ni mtaalamu yule 😂😂

Waya_Mwekundu:

Kasuku sitaki mzaha leo. Ile ilikuwa bahati. Mtu hapangi kazi kwa bahati ya umeme kukatika.

Kasuku_wa_Frere:

Sawa shekhe, ila hujatwambia jambo la maana. Hiyo chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi?

DadaStoo_Nyali:

Wako hanunui, mshukuru Mungu. Wetu hapa hotelini alinunua! Alikutana na mtu kwenye arusi, akarudi na mfumo mzima wa stoo, hakuuliza mpishi, hakuuliza mtu wa stoo. Mfumo hautambui nusu kilo. Samaki changu kilo 2 na nusu, mfumo wasema 2 au 3, chagua. Basi mchana twaandika kwenye kaunta buku kama zamani, usiku nabaki mpaka saa nne nikiingiza uongo kwenye kompyuta ili ripoti yake ya asubuhi itoke na rangi za duara. Yeye huonyesha wageni ile duara. Kazi imekuwa mara mbili na mshahara ni ule ule.

Bibi_Ledja:

Subhanallah, nusu kilo tu yawashinda?

DadaStoo_Nyali:

Na bizari je? Gramu 200 za bizari zimekuwa kilo 1. Kwa hesabu za mfumo tuna bizari ya kulisha Pemba na Unguja.

Nanga_Kisauni:

Nyinyi mwalia na mifumo, mimi mkubwa wangu Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja huko pwani ya Afrika Kusini, Jumatatu yake aniambia, "Si wewe ndiwe mtu wa intaneti? Shuka ukaangalie." Nishuke wapi? Baharini? Na barakoa ya kuvulia pweza? Nilimweleza kwamba waya uko chini ya bahari na unatengenezwa na meli maalumu. Yuwaniuliza meli itafika saa ngapi!

Kuli_Mstaafu:

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, tukaambiwa sasa intaneti itakuwa bwerere kama upepo wa kusi. Jirani yangu anatazama mpira, picha imeganda, goli nalisikia kutoka kwa majirani wa mtaa wa pili.

Nanga_Kisauni:

Mzee huyo ni rauta tu, imewekwa nyuma ya friji. Nimezitoa nyuma ya friji rauta zisizo na idadi.

Waya_Mwekundu:

Jamani turudi. Kijana wa chai ameambiwa ahsante sana BABA. Mimi nimechomeka waya!

Fundi_AC_Majengo:

Mkuu, ulichomeka waya. Mimi nimeninginia nje ya ghorofa ya 6 kusafisha eyakondishena ya chumba chenu hicho cha seva, mwenye jengo akaniambia nisilowanishe ukuta. Kila mmoja hapa na wake.

Sinia_ya_Shaba:

Mimi ni kijana wa chai. Si wa ofisi hiyo, ni wa jengo jingine mtaa huo huo. Nimesoma mpaka hapa nikaona nami niseme. Ahsante napewa nyingi. Chai moja, mahamri mawili, "ahsante baba, andika." Daftari langu lina kurasa 11 za "andika". Namba ya till iko ukutani kubwa kuliko kalenda na wote wana M-Pesa kwenye simu. Na wadeni wangu wakubwa ni watu wa chumba cha kompyuta, wakesha humo na wanakunywa mfululizo. Mwisho wa mwezi waniambia mtandao uko chini.

Kasuku_wa_Frere:

🔥🔥🔥 Waya_Mwekundu jitokeze! Unadaiwa ngapi?

Bibi_Ledja:

Kijana, wape bei kwa ukurasa. Hiyo ni mali yako imelala nje, mimi nitakusaidia kuidai.

Waya_Mwekundu:

Mimi hulipa kila Ijumaa! Na si jengo langu!

DadaStoo_Nyali:

Lakini Sinia, mahamri nayo mmeyapunguza. Zamani hamri moja lashibisha, siku hizi ni hewa tupu, ukiliuma lapumua.

Sinia_ya_Shaba:

Mimi sipiki, nabeba. Muulizeni mama wa Mwembe Tayari, na iliki imepanda.

Kuli_Mstaafu:

Iliki haijapanda, wamekuuzia ya zamani. Nenda Marikiti asubuhi kabla ya jua, uivunje mbegu kwa kucha uinuse.

Fundi_AC_Majengo:

Marikiti gani mzee? Juzi nimeuziwa robo, nusu yake maganda.